Gari ya Harusi Iliyoliliwa Njiani

Mmeniuliza kanisani, mmeniuliza sokoni, na mmoja wenu, sitamtaja, aliniuliza nikiwa ninaoga nyuma ya ukuta: "Kambo, ile gari uliuzisha?" Mimi bibi yenu nimechoka kujibu kipande kipande. Ninaandika hapa mara moja. Someni, kisha tuongee mambo mengine.

Gari mnaijua. Ni ile break ya Amerika ya marehemu bwana wangu, ndefu, yenye nafasi ya mizigo nyuma ya viti, rangi ya maziwa na kijani, mlango wa nyuma unafunguka vipande viwili, kimoja kinapanda na kingine kinashuka. Ililetwa na mzungu mmoja wa migodi, vita yao kubwa ilipokwisha. Mzungu alipokimbia ikabaki kwa baba mkwe wangu, aliyekuwa chauffeur akimwendeshea, kisha ikaja kwa bwana wangu. Karibu kila kitu ni kile ilichokuja nacho: viti, usukani mkubwa kama sinia, redio, saa ambayo haitembei, vyuma vya kung'aa mbele kama meno. Pompe ya mafuta tu ni ya kamio, ya lori, na radiateur, ile ya maji ya kupoza injini, imechomelewa mara nyingi. Nusu ya maharusi wa mtaa wetu hapa Annexe, Lubumbashi, walipanda mule, na nyinyi wenyewe mko ndani ya hesabu.

Lakini mnajua pia ilichofanya nyumbani kwangu. Tangu baba yao afe, wanangu wawili hawasemeshani. Ilunga, mkubwa, anasema gari ni yake kwa kuwa alitangulia kuzaliwa. Mwamba anasema ni yake kwa kuwa ni yeye aliyelala chini yake pamoja na baba, mafuta yakimmwagikia machoni. Ilunga akatia kofuli kwenye banda. Mwamba akatia ya kwake pembeni. Noeli iliyopita Mwamba alikula na watoto wake, akaenda, njo Ilunga akafika na wake. Nilipika mara mbili, chakula kile kile, siku ile ile. Nilipokuwa naosha sufuria niliapa: kitu hiki kitoke kwangu.

Mnunuzi akapatikana Kilwa, ile yetu ya ziwani, si ile ya pwani. Patron Mumba, mwenye mashua, alikuwa anaozesha binti yake na alitaka aingie kanisani kwa gari ambayo Kilwa haijaona. Alisema kwa simu: "Mama, kama bitu byake iko bya mwanzo, ilete nione." Nikasema naileta.

*Kutoka Annexe*

Dereva alikuwa Kasongo fundi, yule wa karibu na kisima, mtu wa maneno mengi na mikono mizuri. Nilimpa chuma, nikamwonyesha kofuli.

"Kambo, batoto yako bakinikamata, nitasema ulinitisha."

"Sema. Nimekutisha. Vunja."

Ilunga alikuwa kazini Likasi, Mwamba Kambove. Nilitaka tuwe mbali kabla habari haijawafikia. Sakafu ya ile gari ina matundu, vumbi linapanda kama moshi, na mimi nilikuwa nimeahidi viti vya mwanzo. Basi kiti cha nyuma tulikitoa, tukakifunga vizuri kwa shuka yangu nyeupe, tukakilaza kwa urefu nyuma. Mimi nikavaa kitenge cheusi kwa sababu cheusi hakionyeshi uchafu, nikafunga kichwa mpaka kwenye nyusi. Nikakaa mbele, mkoba magotini. Kasongo akasema nimekaa kama mtu anayepelekwa kwa jaji. Nikamwambia aangalie barabara.

*Lami inapokwisha*

Lami ilipokwisha, radiateur ikaanza kuchemka. Tulisimama kati ya pori, mvuke ukitoka kwenye yale meno. Kasongo akafanya kama wanavyofanya wote: akakata matawi ya miti, akayaweka barabarani, mengine mbele na mengine nyuma, ili makamio yajue kuna panne, gari imeharibika, yasitugonge. Kisha akashuka kutafuta maji mtoni.

Mimi siwezi kukaa bure. Nilitembea kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Mama mmoja alipita na beseni ya kikanda, ile mikate ya mizizi ya porini na karanga, nikanunua, nikala nimesimama. Kilikuwa na pilipili nyingi na karanga kidogo, nikamwambia. Akasema basi nipike mwenyewe. Nikampenda.

Simu ikalia. Ilunga.

"Mama, uko wapi? Voisin wa pembeni anasema banda iko wazi."

"Niko njiani."

"Njia ya wapi?"

"Ya mbele."

Nikakata. Kasongo alirudi na maji, tukangoja chuma kipoe, akajaza. Kisha nikamwona anaokota yale matawi barabarani, anayachomeka kwenye meno ya gari, mengine anayafunga kwenye mlango wa nyuma.

"Kasongo, majani ya nini?"

"Kambo, kule mbele bantu bamekata miti yote juu ya kuchoma makala ya kupikia. Tukipata panne, tutaweka nini mu barabara? Biatu yako?"

Niliona ana akili. Nilimsaidia kufunga.

*Barabara ya heshima*

Kutoka pale, safari ikabadilika. Watu wa pikipiki walikuwa wanasimama pembeni. Wanaume walivua kofia. Kamio moja iliyojaa magunia ilitoka barabarani kabisa ili tupite, na wale waliokaa juu ya magunia wakanyamaza.

"Unaona?" nikamwambia Kasongo. "Watu wa huku wanajua gari nzuri. Lubumbashi wangetupigia honi."

Nilinyoosha mgongo. Nilipunga mkono polepole, kama askofu. Wale niliowapungia waliinamisha kichwa. Mama mmoja shambani alishika shavu, akaniangalia mpaka tukapotea. Nikasema moyoni, bwana wangu angeona hii.

Kwenye barrière, pale wanapofunga njia na kusumbua kila mtu, kijana wa zamu aliinua mti bila kuuliza kitu.

"Pole, mama," akasema.

"Pole ya nini? Inatembea vizuri."

Aliniangalia kwa huruma kubwa. Kasongo akakanyaga mafuta asije akabadili mawazo.

*Kasomeno*

Tulisimama Kasomeno, pale njia zinapogawanyika, tutafute chakula. Sikuwa nimefungua hata mlango. Wanawake walitoka nyumbani mikono kichwani, wakilia kwa sauti. Mmoja mnene akaanguka juu ya boneti ya gari, akaipiga kwa viganja. Nikafikiri tumegonga mtoto.

"Kasongo, umegonga nani?"

"Sijagonga muntu, Kambo!"

Walinitoa kwa mikono, mmoja huku, mmoja huku, wakaniketisha kwenye mkeka. Nilisema niko mzima. Wakasema, "Lia, mama, lia, usifunge moyo." Wakaleta maji ya kunawa, ugali wa bukari, samaki wa mchuzi, na munkoyo ya kunywa. Yule mnene alinishika mkono na hakuuachia. Mnajua desturi yetu: huwezi kumfikia mwenye kilio na kuanza kuuliza nani amekufa. Unalia kwanza, maneno yanakuja nyuma. Mimi sikuelewa, nilikuwa na njaa, na nikaona ni watu wakarimu sana. Nikala. Kasongo alikula mara mbili.

Njo katekista akaja, mzee mwenye koti, akasimama nyuma ya gari na kuinua mkono wa baraka.

"Mama, utupatie jina ya marehemu, tumuombee."

"Marehemu gani?"

Akaonyesha kwa kidevu. Nikaangalia na mimi, kwa mara ya kwanza, kama wanavyoangalia wao: gari ndefu, matawi mbele na nyuma kama tunavyofunga sisi wenyewe tukipeleka maiti, kitu kirefu kimelazwa ndani ya shuka nyeupe, na kikongwe mwenye kitenge cheusi na sura kama yangu.

Nilisimama. Nikaenda mwenyewe, nikafungua kipande cha juu, nikafungua kipande cha chini, nikavuta shuka.

Kiti kikatokea, na springi zake.

Mkono wa katekista ulikuwa bado juu. Hakujua aushushe wapi. Msichana mmoja akacheka, akapigwa kofi la mgongo.

"Tulilia kiti?" akauliza bibi mmoja mzee sana.

"Nimelia mpaka sauti imekauka," akasema yule mnene, "kumbe kiti! Na bukari umekula?"

"Nimekula."

"Bukari ya kilio, mama. Ile hatupatiake wasafiri."

"Najua. Nipe vyombo."

Nilikunja mikono ya nguo, nikaosha kila sahani na kila sufuria ya ule mkeka, na Kasongo nikamtuma kuchota maji. Nilipofikia sufuria ya mwisho yule mnene alikuja kunisaidia kusuuza. Alikuwa anacheka sasa, mabega yakitikisika. Jina lake ni Mama Kabwe. Tukang'oa matawi yote, nikayatupa mbali.

"Bon, imeisha," akasema Kasongo.

Haikuwa imekwisha. Watu wa pikipiki walikuwa wametangulia na habari.

*Kilwa, kwa Patron*

Sitawaelezea barabara ya kutoka pale mpaka Kilwa. Mifupa yangu inaikumbuka, inatosha. Mwamba naye akapiga simu: "Mama, bantu bananiambia ule muntu ya Likasi anasema umevunja kofuli." Ndugu yake hamwiti hata jina. "Gari ni yangu, mama. Rudisha." Haukupita muda, Ilunga: "Rudisha gari, mama. Ni yangu." Nilizima simu. Nilijiona nikirudi nayo, wale wawili wakisimama mlangoni, kila mmoja na kofuli mpya mkononi, na kila Noeli mpaka nife nikipika mara mbili.

Tuliingia Kilwa, harufu ya samaki wa kukaushwa ikatupokea kabla ya watu. Kisha watu. Walikuwa wamesimama pande mbili za njia, wanawake vitenge vimekazwa kiunoni, tayari kulia. Walipoona hakuna matawi, hawakujua wafanye nini. Wakatufuata kimya mpaka kwa Patron Mumba.

Patron ni mtu mfupi, tumbo mbele, macho ya mtoto. Alizunguka gari, akagusa vyuma, akaingia, akazungusha usukani, akabonyeza kila kitu cha redio.

"Yote ya mwanzo?"

"Pompe ni ya kamio. Radiateur ni yake, lakini imeshonwa kama suruali ya mwanafunzi. Vingine vyote ni vyake."

"Unasema kweli, mama. Bengine banadanganyaka." Akacheka peke yake. "Ninaikamata!"

Pale mlangoni alisimama dada yake mkubwa, mwanamke mrefu, mkavu, shangazi wa bibi arusi. Wanamwita Mama Chanda. Hakuwa amesogea hata hatua.

"Mumba, shuka."

"Yaya, angalia kwanza hii usukani."

"Shuka, nasema. Hii gari imeliliwa."

"Kilikuwa kiti!" nikasema.

"Nimesikia, mama. Habari ya kiti imefika déjà. Sasa unijibu: bale bamama ya Kasomeno, machozi yao ilikuwa ya kiti ao ya muntu?"

Hakungojea nijibu.

"Ilikuwa ya muntu," akasema. "Gari imeyapokea. Mutoto yetu hatapanda mule na kuanza nyumba yake."

Kilichoniuma ni kwamba kwa mjukuu wangu mimi ningesema hivyo hivyo, neno kwa neno. Patron alimfuata mpaka jikoni akibembeleza. Tulimsikia. Alirudi ameshika kofia.

"Kambo, unisamehe. Mu mashua miye njo patron. Hapa mu nyumba, patron ni yeye."

Walitupatia chakula kizuri, samaki mkubwa wa kuchoma. Kasongo alikula. Mimi nilikizungusha tu kwenye sahani.

*Seremala*

Asubuhi nilitoka nikakuta mwanaume ameinama nyuma ya gari, anapima ndani kwa mita yake ya seremala. Hakunisalimia.

"Wewe! Unapima nini?"

"Shikamoo, Kambo. Ninaangalia kama inaingia."

"Nini?"

"Sanduku."

Alikuwa Mwape, fundi wa majeneza, na njo anayesimamia kikundi chao cha kusaidiana kwenye vilio. Akakunja mita.

"Inaingia muzuri, na nafasi inabakia. Kambo, hapa kwetu marehemu anabebwa mu pick-up ya samaki. Hakuna ingine. Mwezi uliopita tulizika mama mumoja, mwalimu, muntu wa usafi. Nzi zilimufuata tangu hospitali mpaka ku makaburi. Hazikuwa zake. Zilikuwa za samaki."

Alisema bila kupandisha sauti. Mama Chanda alikuwa amesimama nyuma yetu, akaongeza, "Ile mama alikuwa rafiki yangu."

Niliwaambia wanipe nafasi. Nilitembea mpaka ukingo wa maji, nikarudi, nikaenda tena. Kasongo alinifuata.

"Kambo, fikiri. Muzee aliosha hii gari kila siku ya samedi juu ya maharusi. Sasa uiache ya bafu, bantu bamekufa? Ilunga atasema nini? Mwamba atasema nini?"

"Wewe unaogopa nani?"

"Miye? Bote wawili. Na weye."

Nilikuwa nimefikiri tayari. Niliifikiria gari ya harusi, jinsi kila anayeiona anataka iwe yake, anataka aonekane ndani. Ingekuwa kwa Patron, wanangu wangeweza kuja na maneno, na ndugu, na mwanasheria, wairudishe. Nikarudi kwa Mwape.

"Mtoto wangu akija hapa kuidai?"

"Aje tu, Kambo. Atakuta jeneza ndani."

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Annexe.

Tukaelewana. Watu wa kikundi walichanga, wengine pesa, wengine samaki wakavu, na aliyetoa zaidi ya wote ni Patron Mumba. "Miye pia nitakufa," akasema, "na ile siku yaya hatanishusha." Mama Chanda alijifanya hakusikia. Kasongo aliwaonyesha namna ya kuingiza vitesi, gia zake, pale kwenye usukani na namna ya kusikiliza radiateur kabla haijachemka. Kiti cha nyuma kilibaki kwenye karakana ya Mwape. Nilipoondoka alikuwa amekikalia, anapiga randa ubao.

Sikuigusa gari mara ya mwisho wala nini. Niliangalia kama milango imefungwa, basi.

*Kurudi*

Tulirudi na kamio ya samaki, mimi kwa dereva, Kasongo juu ya magunia. Pale Kasomeno, Mama Kabwe aliniona kupitia dirisha, akapiga kelele, "Kambo ya kiti!" na soko zima likageuka. Alinipa kikanda bila kulipa. Hiki kilikuwa na karanga za kutosha.

Karibu na Lubumbashi nilianza kufunga na kufungua mkoba. Nilifikiri: labda nimewakosesha kitu cha kugombania na hawatakuja tena kabisa, wala huyu wala yule. Hilo sikuwa nimelifikiria ziwani.

Walikuwa nyumbani wote wawili. Ilunga kwenye kiti chini ya dirisha, Mwamba huko kwenye ukuta, kama watu wanaongoja tren tofauti.

"Iko wapi?" akauliza Ilunga.

Nikawaeleza, hata kabla ya kuvua viatu. Matawi, kiti, shangazi, Mwape. Sikuficha.

Ilunga akasimama. "Mama! Gari ya baba, kubeba bafu?"

"Na mu Kilwa!" akasema Mwamba. "Mu ile barabara! Nani atachunga radiateur?"

"Hata kutuuliza, hapana," akasema Ilunga.

"Yaya anasema kweli, mama. Ungetuuliza shiye wawili."

Ilunga aligeuka, akamwangalia huyo aliyemwita yaya, mkubwa wake. Kisha akanigeukia tena, mkali zaidi.

Niliingia jikoni, wakanifuata. Nilisonga bukari, mmoja akinigombeza kulia, mmoja kushoto. Nilipika samaki wa Kilwa kwa nyanya, wakanigombeza. Niliweka bukari moja na sahani moja ya samaki, wakanawa mikono na kukaa bila kuacha kunigombeza, na Ilunga alipokosa neno, Mwamba alimpa.